Je, Mtu Aweza Kuamriwa Afurahi?

Mtu aweza kuamriwa alipe deni, anyamaze, afunge, afanye kazi, hata aende vitani. Lakini je, aweza kuamriwa afurahi? Wengi wetu tungejibu hapo hapo kwamba haiwezekani. Furaha, twasema, huja yenyewe kama mvua. Ikikataa kuja, hakuna awezaye kuivuta kwa kamba. Yuko mkulima wa Shinyanga ambaye pamba yake imekauka shambani. Yuko mama wa Geita ambaye mumewe alifukiwa na kifusi shimoni. Nani atathubutu kuwaendea watu hao na kuwaambia wafurahi kwa kuwa leo ni sikukuu? Angeonekana mpumbavu, tena mkatili.

Hata hivyo amri ya namna hiyo ipo, tena ni ya kale sana. Imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, mahali Musa anapowapangia Waisraeli sikukuu zao, na Wayahudi wanaishika hadi leo. Twaona yafaa tuitazame kwa makini, kwa maana inalo neno la kutufundisha sisi tukaao katika nchi hii ya pamba, ng'ombe na dhahabu.

Sikukuu tunayoisema ni Sikukuu ya Vibanda, ambayo Wayahudi huiita Sukkot. Huanza siku ya 15 ya mwezi wao wa Tishri, mwezi mpevu uking'aa angani, mwishoni mwa Septemba au katika Oktoba, nayo huendelea siku saba. Wasomaji wa Injili wanaifahamu: ndiyo sikukuu ile ambayo Bwana wetu alipanda kwenda Yerusalemu kuihudhuria, kama asimuliavyo Yohane katika sura ya 7, na siku yake ya mwisho akasimama akawaita wote wenye kiu. Ilikuwa sikukuu ya mavuno, nafaka na divai zikiisha kuingizwa ghalani. Kila jamaa hujenga kibanda nje ya nyumba yao. Paa lake ni matawi na majani yaliyokatwa, wala hayasongamani mno, ili nyota zionekane usiku. Humo hula chakula chao siku zote saba, na wengine hulala humo, wakikumbuka miaka 40 ya jangwani, walipokuwa hawana nyumba wala shamba. Sikukuu ikiisha huomba mvua. Mtu wa Shinyanga, ambaye kila jioni ya Oktoba huyatazama mawingu, hana haja ya kuelezwa maana ya sala hiyo.

Basi amri yenyewe yasemaje? Yamwagiza mwenye mavuno afurahi katika sikukuu hiyo, yeye na mwanawe na binti yake, mtumwa wake na mjakazi wake, pamoja na Mlawi asiye na shamba, na mgeni, na yatima, na mjane. Hapo liko jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Amri hii haikupelekwa kwa mjane, wala kwa yatima. Hakuna aliyemwendea mama mwenye msiba akamwambia akaushe machozi kwa sababu tarehe imefika. Aliyeamriwa ni mwenye uwanja wa kupuria na mwenye ghala. Yeye ndiye anayeambiwa afurahi, na sharti la furaha yake ni kwamba wale wengine wawemo. Kwa hiyo furaha ya mjane ni deni, na mdaiwa ni jirani yake mwenye kitu.

Tukielewa hivyo, swali letu la kwanza lapata jibu. Moyo hauwezi kuamriwa kama askari kwaride, lakini mikono yaweza kuamriwa, na mlango waweza kuamriwa ufunguliwe. Mwalimu mkuu wa Wayahudi, Musa bin Maimoni, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliliweka jambo hili wazi katika kitabu chake cha sheria. Alifundisha kwamba mtu anayefunga milango yake siku ya sikukuu, akala na kunywa na mkewe na watoto wake, asiwape chakula maskini na wenye uchungu rohoni, huyo hajaitimiza amri hata kidogo. Furaha yake aliiita furaha ya tumbo. Miaka mia nane imepita tangu neno hilo liandikwe, nasi twakiri kwamba linatuchoma.

Tueleze tuliloliona. Tuliwahi kusoma Misa ya Noeli katika kambi moja ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita. Asiyezifahamu kambi za namna ile azifikirie hivi: habari ikienea kwamba dhahabu imeonekana, katika majuma machache pori lageuka mji. Vibanda husimamishwa kwa miti na maturubai, vingine huzibwa kwa viroba vitupu, na Msukuma hulala ukuta kwa ukuta na Muha, Mkurya na Mjita. Hakuna aliyezaliwa pale, na wote ni wageni.

Siku ile tuliona furaha za namna mbili. Kijana mmoja alikuwa amepata dhahabu nzuri juma lile. Alijifungia katika baa pamoja na rafiki zake wachache, muziki ukapigwa siku tatu, na siku ya nne alikuja kwetu kuomba nauli. Hatumtaji ili tumcheke. Alikuwa amekaa shimoni miezi mingi bila kitu, na hakuna aliyewahi kumfundisha jinsi ya kufurahi.

Upande wa pili palikuwa na wenzi wa duara moja. Desturi ya kazi yao ni kugawana mifuko ya mawe: mwenye leseni hupata yake, mwenye duara yake, na wachimbaji yao. Kabla ya Noeli wachimbaji hao walikubaliana kuutenga mfuko mmoja kutoka katika fungu lao. Waliusaga kwenye karasha, wakauchenjua, wakauza, wakanunua mchele na mbuzi. Kisha wakamwita mjane wa mwenzao aliyefia shimoni mwaka ule, pamoja na watoto wake watatu, na kijana mgeni aliyefika kambini siku moja tu kabla. Wote wakaketi chini ya turubai moja.

Yule mama hakucheka siku ile. Alikaa, akala, akawatazama wanawe wakicheza. Alipotuaga alituambia, "Padre, tangu mazishi hakuna aliyelitaja jina la mume wangu mbele yangu. Leo wamelitaja." Akaenda zake. Tangu hapo tumeamini kwamba furaha ya sikukuu si lazima iwe kicheko. Kwake yeye ilikuwa kuona kwamba bado amehesabiwa.

Wako watakaosema kwamba furaha hii ya pamoja yafaa watu waliostarehe, bali wanaoonewa hawana nafasi nayo. Sisi twaona kinyume chake, na mfano uko kwa majirani zetu. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wako Waafrika wanaoitwa Abayudaya. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, kisha akaachana nao. Mwaka 1919, baada ya kuisoma sana Torati, alitahiriwa yeye na wanawe, akatangaza kwamba tangu siku hiyo wao ni Wayahudi. Alifariki mwaka 1928, na watu wake wakaendelea kuzishika sikukuu za Musa, pamoja na vibanda vyao vya majani.

Katika miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, na mabaki wakasali kwa siri. Fikirini, wasomaji wetu, ilivyo kuishika sikukuu ya furaha kwa sauti ya chini. Wangaliweza kungoja hadi siku njema zirudi, lakini waliona kwamba sikukuu ikiachwa mwaka huu na mwaka ujao, siku njema zikirudi hapatakuwa na watu wa kuzipokea.

Nazo zilirudi kwa njia inayotuhusu sisi. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera. Watanzania walijibu, na tarehe 11 Aprili 1979 askari wetu pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliukamata mji wa Kampala. Kwetu ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu. Kwa Wayahudi, jua lilipotua jioni hiyo ilianza Pasaka yao, sikukuu ya kutoka utumwani. Askari wa Tanzania hawakuwa na habari hiyo, wala si kwa ajili yake walikwenda. Hata hivyo nyumba nyingi za nchi hii zililipa gharama ya vita ile kwa damu ya watoto wao, na ni haki zijue kwamba miongoni mwa waliowekwa huru walikuwamo watu wachache wa Mbale, walioweza tena kuimba kwa sauti kuu.

Lakini yatupasa tujihadhari. Furaha yaweza kutumiwa kama pazia. Tajiri aweza kuwapikia wachimbaji wake pilau siku moja, na siku zilizobaki akawashusha katika shimo lisilo na matimba ya kutosha, kisha mgawo ukifika akawapunja mifuko. Huyo asidhani kwamba ameitimiza amri. Torati hiyo hiyo iliyoamuru furaha katika sura ya 16 yaamuru katika sura ya 24 kwamba kibarua alipwe ujira wake kabla jua halijatua. Sahani ya sikukuu haifuti deni la mshahara, wala ngoma haitegemezi ukuta wa shimo. Anayetaka kufurahi pamoja na watu wake, na ahakikishe kwanza kwamba watapanda kutoka shimoni wakiwa hai.

Kwani furaha kubwa kuliko zote tulizoziona katika ukanda huu zilikuwa furaha za watu waliorudi wakiwa hai. Mwaka 2015, huko Nyangalata katika wilaya ya Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41, wakila mizizi, vyura na mende. Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walifukiwa mgodini, mmoja wao akiwa Mchina. Baada ya siku tatu, Jumapili tarehe 29, walitolewa wote wakiwa hai. Waliofurahi siku zile hawakuongezewa hata senti moja. Walifurahi kwa sababu waliokuwa wamehesabiwa wafu wamerudishwa mezani, wala kulipokuwa na giza hakuna aliyemwuliza Mchina yule ametoka wapi. Twajiuliza: kwa nini tungoje kifusi kianguke ndipo tujue thamani ya aliye karibu nasi?

Hatusemi kwamba Wakatoliki waende kujenga vibanda na kuishika sikukuu isiyo yao. Kanisa, katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965, limetufundisha kuwaheshimu Wayahudi na kuutambua urithi tuliopokea kwao. Kuheshimu ni pamoja na kujifunza, tena Usukuma haukosi msingi wa kujengea. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristu, huko Bujora karibu na Mwanza hufanyika sherehe za Bulabo, ambapo Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma mbele ya umati mkubwa. Pale hatakiwi mtu aliyealikwa kwa barua. Mwenye miguu huja, mwenye macho hutazama, na mgeni hupata mahali pa kusimama. Wazee wetu walijua kwamba ngoma haichezwi chumbani.

Lakini katika miji yetu mipya, huko Geita na Kahama na Shinyanga, tumeanza kuwa na Noeli za nyuma ya geti. Nyama yanukia, redio yalia, na mlinzi aliyeko nje anahesabu masaa bila sahani. Pengine ng'ambo ya barabara yuko mpangaji aliyehamia juzi, ambaye hakuna ajuaye jina lake. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo yalingana sana na amri ya Musa, kwa kuwa nayo yaonyesha kwamba anayeponywa ni yule mwenye nyumba.

Basi twawaomba akina baba na akina mama wa familia zetu jambo moja. Sikukuu ijayo ikikaribia, kabla hamjahesabu kilo za mchele, hesabuni milango ya jirani. Mkumbukeni mjane aliye karibu, na yatima, na mgeni, na mtumishi wa nyumbani mwenu, ambaye mara nyingi hupika sikukuu yote asiketi hata kidogo. Akichelewa mmoja wao, mngojeni. Na kama yuko nyumba ile aliyefariki mwaka huu, msiogope kulitaja jina lake.