Je, Wale Wanawali Watano Walikuwa Wachoyo?

Swali hili haliishi kwenye vikao vya VIWAWA: katika Mathayo sura ya 25, wanawali wenye busara waliombwa mafuta wakakataa. Sasa mbona wanasifiwa? Huku kwetu Uluguru ukimnyima jirani kijiko cha chumvi, habari inafika Mgeta kabla jua halijazama!

Tuanze na taa yenyewe. Enzi za Warumi taa ya nyumbani ilikuwa kichombo cha udongo kinachoenea kiganjani: tundu la juu la kujazia mafuta, mara nyingi ya zeituni, na mdomo wa mbele wa kupitishia utambi. Ilibeba mafuta kidogo tu, kwa hiyo ilitaka kujazwa tena na tena, na utambi kuvutwa. Aliyekulia kwenye kibatari haelezwi zaidi. (Wapo wataalamu wanaosema wanawali walibeba mienge. Sawa, lakini mwenge nao bila mafuta haufiki mbali.)

Kibatari kina vitu viwili: moto na mafuta. Jirani akija na chake kimezimika, mnagusisha utambi kwa utambi, na chako hakipungui hata chembe. Mafuta ni hesabu nyingine. Mkigawana kidogo kilichopo, wote mnafika nusu ya njia, halafu giza, na bwana arusi anapita bila kupokewa.

Kwa hiyo mimi huuliza: hiki ninachoombwa ni moto au ni mafuta? Aristotle, na baada yake Mtakatifu Thoma wa Akwino, anafundisha kwamba fadhila hujengeka kwa kutenda mara kwa mara. Subira yangu siwezi kukumiminia usiku wa msiba. Kukaa nawe naweza. Kuvumilia badala yako, hapana.

Ila wapo waliogeuza fumbo hili kisingizio: "kila mtu na mafuta yake", huku jirani kalala njaa. Hao hawajaimaliza sura. Sura hiyohiyo inaishia kwenye hukumu, na pale haiulizwi taa. Anaulizwa mwenye njaa, mgonjwa, mfungwa. Unga si subira, unga unamiminika.

Na ukiwa ndio unga wako wa mwisho? Hapo ndipo tunapobishana mpaka kengele inalia. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo chupani, akampikia Eliya kwanza. Yeye hakupiga hesabu ya wanawali, na chupa yake haikukauka.