ZAKAYO NA CHURA WA KIHANSI



Somo letu ni Luka 19, habari za Zakayo. Watoto wetu huupenda ule mkuyu, nasi wakubwa mara nyingi huishia hapo hapo mtini. Lakini kiini kiko chini, pale mtu yule alipoahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu, tena mara nne. Toba yake ilikuwa na hesabu.

Twende na somo hili hadi Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Huko mto ulianguka korongoni kwa kishindo, na manyunyu yake yakalowesha majani usiku na mchana. Mwaka 1996 wataalamu walimkuta humo chura wa manjano, mfupi kuliko kidole gumba, asiyetaga mayai bali huzaa watoto. Hakupatikana penginepo duniani.

Bwawa likajengwa juu ya maporomoko. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilikwisha kugeuzwa, ikapita chini ya ardhi kwenda kwenye mitambo ya megawati 180. Manyunyu yakakatika. Vyura wapatao 500 wakapelekwa kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Waliobaki wakaongezeka, kisha mwaka 2003 wakafa kwa wingi, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini.

Hapa naungama. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2006 niliwaambia wanafunzi wangu, kwa kicheko, kwamba nchi nzima inakaa gizani kwa ajili ya chura. (Kumbe mgawo ule uliletwa na ukame.) Darasa likacheka. Kijana mmoja akasimama akauliza: Mwalimu, nani alitangulia kufika Kihansi, chura au mitambo? Nikamwambia akae chini.

Umeme si dhambi, ndugu zangu. Mama anayejifungua usiku anauhitaji. Lakini Mungu alipomweka mtu bustanini alimpa kuilima na kuitunza pia, na mimi nilikuwa nikifundisha neno la kwanza tu.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini, wakalelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Desemba 2012 wapatao 2,000 waliachiliwa korongoni kwao. Hapo kabla, hakuna chura aliyetoweka porini aliyewahi kurudishwa kwao namna hiyo.

Ila maporomoko hayakurudi kama yalivyokuwa. Mabomba ndiyo yanayonyunyiza, na sharti mtu ayaangalie na kuyazibua. Zakayo alilipa akamaliza. Kihansi deni hulipwa kila siku. Sisi wa Marui tunaokata miti kwa mkaa tunajua jambo hilo: mti huangushwa asubuhi moja, na anayepanda mwingine humwagilia miaka.

Kijana yule sasa ni mtu mzima. Sijamwona tangu alipomaliza shule. Nikikutana naye nitamwomba asimame, aulize tena.