Bawabu wa Sebuleni

Nyumba yetu ya Tabata imejengwa kwa tofali za saruji, na Baba, aliyeijenga kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu, hakuwa bahili wa nondo. Kuta zake zimezuia wezi, joto kiasi, na waifai. Kile kiboksi cheupe tulichofungiwa na kampuni ya intaneti kilikaa sebuleni juu ya kabati la vyombo, na mawimbi yake yalifika mlango wa jikoni yakachoka. Chumba changu kiko nyuma kabisa. Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilihudhuria semina za mtandaoni nikiwa koridoni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, huku dada wa kazi akinipita kwa shida na beseni la nguo.

Nikaamua kulimaliza jambo hilo mwenyewe, tena sawasawa. Nilishuka Kariakoo na pesa niliyolipwa kwa kuingiza data za utafiti wa mhadhiri mmoja, nikarudi na ruta ya MikroTik, kampuni ya Latvia, yenye matundu matano, visahani viwili vya UniFi vya kufunga darini, vilivyokwishatumika, na mita arobaini za waya wa Cat6. Ni vifaa vya aina wanayotumia wenye hoteli ndogo na ofisi za ghorofa moja. Si vya mtu wa kawaida, ila mtu wa kawaida mwenye ukaidi anaweza kuvimudu.

Sitasahau Jumamosi ile. Mdogo wangu wa kidato cha nne alishika tochi, mimi nikatambaa darini kwenye vumbi na kinyesi cha popo. Nilifurahia kwamba kisahani hakihitaji soketi. Umeme wake hupanda kwenye waya uleule unaopitisha data. Nilijifunza kwamba masafa ya gigahezi 2.4 huvumilia kuta kuliko yale ya 5, ambayo yana kasi lakini hukata tamaa mapema. Jioni Baba alitazama taarifa ya habari kwenye simu akiwa uani chini ya mwembe, akaniita kwa jina langu lote, jambo ambalo hulifanya akiwa amefurahi sana au amekasirika sana.

Ningeishia hapo nisingekuwa na la kuandika. Lakini vifaa vya aina hii vina tabia ya kukwambia, kimyakimya, kwamba unaweza kuongeza kitu kimoja zaidi. Nikaongeza Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki, nikaweka humo programu ya Pi-hole inayozuia matangazo. Inafanya kazi hivi: kila simu ikitaka kwenda tovuti fulani, kwanza huuliza anwani yake. Pi-hole ndiyo inayoulizwa. Ikiona ni anwani ya matangazo, hujibu kana kwamba haipo. Nyingine huziacha zipite. Na kila swali, la kupita na la kuzuiwa, huliandika: saa, jina la kifaa, jina la tovuti.

Hapo ndipo nilipopata daftari.

Niseme wazi daftari hilo linaona nini, maana watu hulidhania kubwa kuliko lilivyo. Haliwezi kusoma ujumbe wako wala kuona ukurasa uliofungua. Hayo yamefungwa kwa kufuli tangu kwenye simu yako. Ni kama bawabu wa mtaa: anajua umeingia nyumba ipi na saa ngapi, hajui mlizungumza nini ndani. Ila mtu yeyote aliyekulia uswahilini anajua kwamba habari ya nyumba na saa inatosha kabisa kuanzisha maneno.

Wiki za kwanza nililisoma kama gazeti. Nilicheka nilipogundua kwamba televisheni yetu huuliza maswali usiku kucha ikiwa imezimwa. Nilijua Mama ameamka kabla sijasikia mlango. Sikuhisi kwamba ninachungulia, kwa kuwa sikuwa nimekwenda popote. Nilikuwa kitandani kwangu nikitazama kazi ya mikono yangu.

Usiku mmoja, saa nane na dakika kadhaa, nikaona simu ya dada wa kazi inauliza anwani ya kampuni ya kubeti. Usiku uliofuata tena. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa: karibu wiki mbili. Asubuhi Mama alikuwa akichambua mchicha, nami nikamwambia. Sikumwambia kwa ubaya. Nilimwambia kama unavyomwambia mtu kwamba bomba linavuja.

Mama alimwita. Akamwuliza kuhusu chenji ya sokoni ya wiki ile, shilingi kwa shilingi. Yule dada aliinama akasema, "Samahani, mama." Mimi nilisimama mlangoni nikaisikia samahani hiyo, nikaihesabu kuwa ushahidi wa pili.

Siku tisa baadaye mdogo wangu alikiri. Ilikuwa yeye. Hana umri wa kubeti na hana laini yenye jina lake. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na vya kwake havijafika miaka kumi na minane. Kwa hiyo usiku alikuwa akiazima simu ya dada. Nilipomwuliza dada kwa nini hakusema, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mtoto wa mwenye nyumba akiniomba simu nimnyime? Na nikimsema, nani ataaminiwa?"

Mama alimwomba radhi, na si jambo dogo kwa mwanamke wa rika lake. Mwisho wa mwezi dada aliaga, akasema mama yake anaumwa Singida. Huenda kweli alikuwa anaumwa.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta kosa langu liko wapi hasa. Jibu la haraka ni kwamba nilikosea kuhitimisha: daftari liliandika jina la kifaa, mimi nikasoma jina la mtu. Hilo ni kweli, na mwalimu wangu wa takwimu angeridhika nalo. Lakini linaniachia mlango wazi mno. Maana yake ni kwamba kama kweli angekuwa yeye, ningekuwa sahihi. Msichana wa miaka ishirini na mbili, saa nane za usiku, kwa pesa yake, kwenye simu yake, na mimi ningekuwa sahihi kupeleka habari zake jikoni asubuhi.

Mama analitazama tofauti. Anasema nyumba ni yake, bili analipa yeye, na bila daftari hilo mdogo wangu angekuwa bado anabeti. Siwezi kumpuuza. Kijana wa kidato cha nne anayecheza kamari usiku ana haki ya kuingiliwa, tena haraka. Kumlinda mtoto ni wajibu. Ila wajibu huo ulikuwa juu ya mtoto mmoja, nami niliutimiza kwa kuwaandika watu sita, bila kumwambia hata mmoja. Kwetu hata mwenye ufunguo hubisha hodi. Mimi niliingia kila chumba kila usiku, na sikubisha, kwa sababu kifaa nilichokifunga hakina mahali pa kubishia.

Semina yetu ya maadili ilitumia saa mbili kwenye kile kisa cha Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, cha mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Akaitumia kumtongoza malkia na kumwua mfalme. Swali la Glaucon ni kama kuna mtu angebaki mwadilifu akiwa na pete hiyo. Darasa zima tulijibu kwa kujiamini kwamba sisi tusingeua mfalme. Hakuna aliyeuliza kama tungeivaa na kukaa tu kwenye kona ya chumba cha mtu, tukitazama.

Rafiki yangu mmoja wa darasani aliniambia najitesa bure: kampuni inayotuuzia intaneti inaweza kuona yaleyale, na bado nalala usingizi. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inataja hifadhi ya maskani ya mtu na mawasiliano yake ya binafsi, akasema, kwa hiyo wa kubanwa ni wakubwa. Nakubali wabanwe. Lakini nadhani amekosea kuhusu ukubwa. Kwa kampuni, dada alikuwa sehemu ya namba ya mteja wa Tabata. Haijui kwamba analala chumba cha stoo, wala haiwezi kumfanya ainamishe kichwa mbele ya mchicha. Mimi naweza. Jicho la karibu linaona kidogo na linaumiza zaidi, kwa sababu linajua mshahara wako na linakula na wewe.

Nilidhani kujenga mtandao wangu mwenyewe ni kujikomboa kutoka kwenye kiboksi cha watu. Kwa upande wangu ilikuwa hivyo. Wengine wote nyumbani walibadilishiwa bawabu tu, na huyu wa pili anawajua kwa majina.

Pi-hole ina ngazi nne za faragha, kuanzia sifuri hadi tatu. Sifuri huonyesha kila kitu, na ndiyo inayokuja nayo. Nimeiweka tatu: matangazo yanazuiwa, majina hayaonekani. Kwa mdogo wangu tulikubaliana, yeye na Baba wakiwa wamekaa mezani, kwamba tovuti za kubeti zifungwe kwa nyumba nzima, waziwazi, na orodha ya zilizofungwa ibandikwe kwenye friji. Najua vilevile kwamba kuirudisha ngazi sifuri ni kubofya mara mbili, na anayejua nenosiri ni mimi peke yangu. Baba aliniuliza, "Na wewe ukitazama, nani atajua?" Nikakosa jibu. Nimeandika nenosiri hilo kwenye karatasi, nikampa aweke kwenye Biblia yake. Hatalitumia kamwe, hajui hata pa kuliandika.

Mwezi uliopita alikuja dada mpya. Siku ya pili aliniomba waifai. Nikamkalisha, nikamweleza yote: kiboksi, daftari, ngazi tatu, na kwamba siku hizi sitazami ingawa ningetaka ningeweza. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akarudisha simu mfukoni.

"Asante, dada. Mimi nitaweka vocha tu."