Vifaru vya Karatasi na Suala la Nia

Mtu akatapo karatasi ngumu kwa mkasi, akazikunja pembe zake na kuzigandisha kwa gundi hata ukapatikana mfano wa kifaru cha kupigania vita vya mezani, ambavyo hukumu yake hutolewa na dadu na rula, je, amecheza tu, au ameizoesha nafsi yake kuihesabu damu ya wanadamu kuwa ni tarakimu? H. G. Wells, mwandishi wa Kiingereza aliyetoa kitabu cha michezo ya vita vya kuigiza mwaka 1913, alishikilia kwamba vita vidogo ni bora kuliko vikubwa, kwa kuwa havivunji miili wala majumba. Nami naikubali hoja yake, ingawa mwaka uliofuata Ulaya iliingia vitani.

Lakini liko jambo zito zaidi. Ujerumani, iliyokatazwa vifaru na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, iliwafundisha askari wake kwa magari yaliyovishwa mbao, turubai na karatasi ngumu. Na karatasi ile, isiyoweza kumdhuru hata kuku, ilikwisha kubeba azma ya chuma kilichovuka mpaka wa Poland mwaka 1939. Basi dhati ya kitu haitoshi kukihukumu. Mchezaji anayekunja kifaru chake usiku, akikusudia kucheka kesho pamoja na hasimu wake, anayo yakini ambayo afisa aliyewafundisha askari wale hakuitaka, kwamba mambo yataishia mezani. Hata hivyo, vita ambavyo mama za waliouawa wangali hai, mimi nisingeviigiza, hata kwa karatasi.