Jina la Fundi Si Nguzo

Je, umaarufu wa aliyelichora jengo hulipatia haki ya kudumu kuliko mengine? Wengi wetu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tungeitikia bila kusita. Kando ya barabara ya Lumumba zingalipo nyumba za enzi za Wabelgiji, kona zake zimepinda kama ubavu wa meli. Zilipita katika vita vya mamluki mwaka 1967 na tetemeko la Februari 2008. Moja ikibomolewa tunajifariji: nani anamjua aliyeichora? Ingekuwa na jina kubwa, ingepona.

Kisa cha Banff, Kanada, kinatukanusha. Mwaka 1914, ndani ya hifadhi ya taifa, lilikamilika banda la umma lililochorwa na Frank Lloyd Wright, msanifu majengo maarufu wa Marekani, pamoja na mwanafunzi wake Francis Sullivan. Lilikuwa refu, la mbao, na ukumbini mna meko makubwa ya mawe. Lakini wenyeji walitaka pahali pa michezo ya majira ya baridi; wakapewa banda la kiangazi. Barafu ikainua msingi, mafuriko yakaingia, na kabla miaka ya 1930 haijaisha likabomolewa. Jina la Wright halikuokoa hata ubao.

Mtu atasema: michoro ipo, lijengwe upya. Wapo waliolipigania hilo kwa miaka. Lakini mchoro hurudisha kuta tu. Mazoea ya watu kukutana pale hayamo kwenye karatasi. Banda lilikosa wenyewe kabla ya kukosa paa.

Tazama Kampala. Makumbusho ya Uganda, yaliyochorwa na Mjerumani Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954, yalitakiwa kupisha jengo refu la biashara. Mwaka 2011 raia walipinga, wakaenda mpaka mahakamani. Makumbusho yangalipo. May alikwisha kufa tangu 1970. Waliosimama ni walio hai.

Basi haki ya jengo la umma hutoka kwa wanaolitumia na walio tayari kulisemea. Mji wetu, wenye nyumba nyingi zisizojulikana mchoraji, haujanyimwa kitu. Kabla kiwanja cha umma hakijauzwa, tuulize ni akina nani watakosa pa kukutania, nao wasikilizwe kabla hati haijatiwa sahihi.