Mkuki kwa Nguruwe

Kabla televisheni haijaingia majumbani, vijana wengi wa Afrika Mashariki walikuwa na shujaa wao wa kwenye karatasi, Lance Spearman, ambaye wengi walimjua kwa jina fupi la Spear. Alitoka katika African Film, gazeti la kampuni ya Drum ya Jim Bailey wa Afrika Kusini, katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hakuchorwa kama shujaa wa katuni nyingine, alipigwa picha. Waigizaji halisi walipangwa fremu kwa fremu kama sinema, na maneno yao yakachapwa humo humo kwenye picha. Spear alivaa kofia ya panama na tai ya kipepeo, akaendesha Corvette Stingray, na hakuna jambazi aliyemshinda. Aliyemsoma akiwa na miaka kumi leo ana wajukuu. Akizifungua tena kurasa zile hana haja ya kujiuliza kama zilikuwa tamu, maana utamu haujaisha. Ajiulize ulitoka wapi. Spear kwa Kiswahili ni mkuki, na Waswahili wana neno juu ya mkuki: kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Hoja yangu ni kwamba hadithi ya shujaa haiwezi kuwa tamu mpaka kwanza imgeuze mwanadamu kuwa nguruwe, na kwamba kusoma kwa jicho la utu uzima ni kuiona kazi hiyo ikifanyika.

Tuangalie inavyofanyika. Adui kama Rabon Zollo anapoingia kwenye ukurasa, hukumu yake imeshatoka. Msomaji haambiwi kama ana mama wala kama kuna atakayemlilia. Ana tamaa na sura ya kutisha, basi. Upande wa pili yupo Kapteni Victor wa polisi, yupo Sonia, yupo kijana Lemmy, na wote kazi yao ni kumsaidia shujaa au kuokolewa naye. Hakuna anayemuuliza Spear amepewa na nani ruhusa ya kupiga. Ngumi inatua, mtu anaanguka, na fremu inayofuata inaondoka na Spear. Aliyeanguka hatumwoni tena. Mtoto anajifunza mambo mawili bila kufundishwa: kwamba ubaya una sura, na kwamba mtu mwema anajulikana hata kabla hajatenda lolote. Hayo hayakuandikwa popote, na ndiyo maana hayakupingwa. Yamo katika mpangilio wa picha.

Kosa kubwa zaidi limo katika kisichopigwa picha. Kampuni iliyotoa gazeti ilikuwa ya nchi ambayo Machi 21, 1960, huko Sharpeville, polisi waliwaua watu 69 katika umati uliokusanyika kuzipinga sheria za pasi. Miaka ile ile mtu mweusi wa nchi hiyo hakuweza kutembea mjini bila karatasi mfukoni, lakini mji wa Spear hauna pasi wala makaburu. Pengine ndivyo ilivyolazimu ili gazeti lisalimike. Simlaumu mtu aliyetafuta riziki chini ya utawala ule. Lakini tazama matokeo yake. Ubaya uliowaonea mamilioni haukuwa na kovu usoni. Ulikuwa sheria, sahihi ya karani, na mstari uliochorwa kwenye ramani ya mji. Mkuki hautoboi sheria, kwa hiyo shujaa akatafutiwa kitu ambacho mkuki unaweza kukitoboa. Anayeilaumu katuni kwa wingi wa ngumi anagusa juu juu. Kosa la katuni ni kutuonyesha ubaya mahali usipokaa.

Watu wa Korogwe na Handeni wana shujaa wa zamani kuliko huyu, na kisa chake ni kipimo kizuri. Mji wa Korogwe uko kati ya nyika za Wazigua na milima ya Usambara, na shujaa huyo, Mbegha, alitoka nyikani akaelekea milimani, kama alivyoandika Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake, Habari za Wakilindi. Mbegha alizaliwa Nguu, akaitwa kigego, yaani mtoto wa nuksi, kwa sababu meno ya juu yalimtangulia ya chini, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akahamia Kilindi, akawa mwindaji wa nguruwe, akapendwa, mpaka mtoto wa mkubwa wa huko alipokufa katika mawindo na yeye akalazimika kukimbia. Usambara aligawa nyama, akapewa chakula cha shambani. Vugha aliua simba, wakamfanya mfalme. Mpaka hapo ni katuni kamili, na mkuki wake ulikuwa kwa nguruwe hasa, si kwa mfano.

Lakini kitabu hakiishii hapo. Kinaendelea na watoto wake na wajukuu wake, mpaka kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai, mpaka Wakilindi, ukoo wake Mbegha, wanapopigana wenyewe kwa wenyewe, watu wanapokamatwa na kuuzwa utumwani, na Wabondei wanapoinuka katika vita walivyoviita Kiva na kuwafukuza Wakilindi katika nchi ya Bondei. Mwandishi hakuwa adui wa ukoo huo. Aliishi karibu na Semboja, mtawala wa Mazinde, na mambo mengi aliyashuhudia. Hata hivyo hakufunga kitabu siku simba alipokufa. Hiyo ndiyo tofauti ya habari na katuni. Katuni humwacha shujaa juu ya ushindi wake. Habari humfuata mpaka tujue mkuki ulirithiwa na nani na ukaelekezwa wapi.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba fikra za Wasambaa, watu wa Usambara, zenyewe zilitaka nguvu moja isiyo na mpinzani. Ni kweli. Walisema nguvu kwa nguvu, yaani wenye nguvu wawili wakishindana, huleta njaa. Lakini walikuwa na maneno mengine mawili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme hakupimwa kwa idadi ya aliowashinda. Alipimwa kwa mvua na kwa ghala, na anayeweza kuiponya nchi ndiye huyo huyo awezaye kuiharibu. Wazo hilo Spear halijui kabisa. Kwake nguvu ni njema kwa kuwa ni yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba waovu wapo kweli, na wengine hawazuiliki ila kwa nguvu. Watanzania hawahitaji kufundishwa hilo. Jeshi la Idi Amin wa Uganda lilipovuka mpaka wa Kagera mwaka 1978 halikurudishwa kwa mahubiri. Nakubali. Ila kumzuia mtu ni jambo moja, na kumtoa katika ubinadamu ni jingine. Katika kitabu cha Mwanzo, Kaini aliyemuua ndugu yake anawekewa alama ili mtu yeyote asimuue. Qurani, baada ya kisa cha watoto hao hao wa Adamu, inasema kumuua mtu mmoja bila haki ni kama kuwaua watu wote. Dini hizo mbili, ambazo zote zinafuatwa Korogwe, zinakubaliana kwamba hata mwenye hatia hajawa nguruwe. Lakini mitaani bado anageuzwa hivyo. Magazeti yetu yana msemo uliozoeleka, wananchi wenye hasira kali, na kila asomaye anajua sentensi inavyomalizika. Mtu anapigiwa kelele za mwizi stendi, na kabla hajataja jina lake fremu zimeshapangwa: sura imepatikana, hukumu imetangulia, na kila mwenye jiwe mkononi ni Spear.

Sisemi katuni ndiyo iliyowatuma. Hasira ile ina chimbuko lake, ukiwemo umaskini na kesi zisizokwisha. Wala sisahau heshima aliyoileta Spear: mtoto aliyezoea kumwona Mwafrika akimbebea mizigo Tarzan alimwona hapa akiwa na akili, gari na kauli ya mwisho. Faida hiyo ni kubwa na haifutwi na makala. Lakini heshima iliyokuja kwa kubadilisha rangi ya mshika mkuki, bila kuuliza mkuki unamwelekea nani, ni nusu ya heshima. Kwa hiyo gazeti lisichomwe, lisomwe polepole, na msomaji asikubali kuondoka na Spear kwenye fremu inayofuata. Abaki na yule aliyeanguka. Alikuwa mwigizaji, kamera ilipomaliza aliinuka, akajipangusa vumbi. Wa stendi hainuki.