Kopo la Kununulia na Kopo la Kuuzia

Tunauliza jambo dogo la sokoni: kopo lenye kitako kilichogongwa ndani kwa nyundo, ni uongo ao ni desturi?

Wengi wanajibu kwamba ni desturi. Katika masoko yetu unga, mchele na maharagi vinapimwa mara nyingi kwa kopo, na kila mtu anaona kwa macho yake namna kitako kilivyoingia. Mama muuzaji anajaza mpaka kilele, anaongeza matabisi kidogo, na mnunuzi anarudi nyumbani na furaha. Tena, wanasema, hata kilo ni mapatano ya watu tu.

Hilo ni kweli kuliko wanavyodhani. Toka mwaka 1889 kilo ya dunia yote ilikuwa kipande kimoja cha platini na iridi, kilichofungiwa karibu na Paris. Baada ya miaka mia hivi walikilinganisha na nakala zake, wakaona tofauti ya kama maikrogramu 50, karibu uzito wa chembe moja ya chumvi. Je, kipande kilipungua, ao nakala ziliongezeka? Hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu kipande hicho ndicho kilikuwa kilo. Kama kingekwaruzwa, kwa sheria kingebaki kilo, na sisi wote tungehesabiwa kuwa tumenenepa! Ndiyo maana tarehe 20 Mei 2019 kiliachwa, na kilo ikawekwa juu ya kiasi cha asili kisichobadilika, kinachoitwa namba ya Planck.

Basi hatumhukumu mama kwa udogo wa kopo lake. Kopo dogo linalojulikana na wote ni kipimo kama vingine, bei inalifuata. Tunaogopa kopo la pili. Kuna wachuuzi wanaokwenda vijijini kununua mahindi na kopo kubwa, hata lililopanuliwa mdomo, na wakifika mjini wanauza na lile lililogongwa. Mkulima haoni kopo la mjini, wala mtu wa mjini haoni lile la kijiji. Kila mmoja alikubali kopo moja tu, na faida inatoka katikati yao, mahali pasipo na macho. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 haikutaja uzito wa jiwe la mizani. Ilikataza kubeba mawili katika mfuko mmoja, kubwa na dogo.

Watatuambia: barabara ni mbaya, vizuizi ni vingi, mchuuzi atakula nini? Aseme basi katika bei. Mkulima akisikia bei anaweza kubishana, anaweza hata kungojea mchuuzi mwingine. Na yule mtoto anayetumwa sokoni na franka mkononi, asiyejua bado kugeuza kopo na kulitazama chini, alipatana na nani?